Kuku wa mgeni ana bei

Kivuko cha mchana kutoka Mwanza kikifika Nansio, kisiwani Ukerewe, jua linakuwa limebakiza kidogo kuzama. Mgeni anashuka na begi lake, bodaboda inampakia, na baada ya nusu saa yuko uani kwa mama ambaye alipigiwa simu saa moja iliyopita kwamba "kuna mgeni wa kulala". Mwaloni, ufukweni wanapouzia samaki, hakuna kitu saa hizo. Sato wa alfajiri walishabebwa na wachuuzi kabla jua halijawa kali. Kilichobaki ni kuku, na kuku aliye karibu ni tetea anayetaga. Mtoto anamkimbiza, anamkamata, maji yanatengwa motoni. Asubuhi mgeni anaaga, anaacha noti mbili "za sukari", na akifika mjini anawasimulia wenzake jinsi watu wa visiwani walivyo wakarimu.

Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo mmoja, mikupuo mitatu au minne kwa mwaka. Ukimchinja katikati ya mkupuo, hukuchinja nyama peke yake. Umechinja mayai yaliyobaki, vifaranga ambao wangetoka humo, na daftari na sabuni ambazo mama alikuwa amezipigia hesabu juu ya vifaranga hao. Noti mbili za sukari hazigusi hata bei ya kuku mwenyewe mnadani, achilia mbali maji, mkaa na kitanda.

Ndiyo maana hoja ya kulaza wageni majumbani kisiwani Ukerewe inahitaji kuanzia jikoni, si kwenye vipeperushi vya utalii. Kila mwenye nia njema anayefika Nansio anasema jambo lile lile: kisiwa kina mawe, fukwe, machungwa, historia ya watemi, na watu wakarimu, kinachokosekana ni matangazo. Sivyo. Kinachokosekana ni bei iliyotamkwa kwa sauti kabla mgeni hajavua viatu, na mkono unaojulikana wa kuipokea. Ukarimu upo wa kutosha, na ndio unaoficha hasara.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, kama kilomita za mraba 530, na wilaya nzima pamoja na Ukara na visiwa vingine ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 345,000 katika sensa ya 2012. Hakiko mbali. Kutoka Mwanza ni takriban saa tatu kwa meli. Ukipita Bunda unafika Kisorya kwa gari, unavuka na kivuko hadi Rugezi, halafu barabara inakupeleka Nansio. Wakerewe, Wajita, Wakara na Wasukuma wamechanganyika humo kwa vizazi, na kumlaza mtu usiyemjua kwa sababu amekosa chombo au upepo umekataa ni desturi ya zamani kuliko gesti yoyote ya mjini. Tatizo ni kwamba desturi hiyo iliundwa kwa mgeni wa undugu: mtu ambaye leo amelala kwako, na mwakani wewe au mwanao mtalala kwake. Deni linazunguka. Mgeni wa kulipa harudishi kitu. Akipanda meli amekwenda, na ule upande wa pili wa ukarimu umekwenda naye.

Sasa sikiliza mazungumzo yanavyokwenda pale mlangoni. Mgeni mwenye adabu anasema: "Shikamoo mama." Anaitikiwa: "Marahaba mwanangu, karibu." Anakaa, anauliza: "Mama, kuhusu malazi na chakula, ni kiasi gani?" Na mama anajibu kama alivyofundishwa na mama yake: "Karibu kwanza upumzike, hayo mengine tutaongea."

Hayaongewi. Usiku hayaongewi kwa sababu watu wanakula, na asubuhi hayaongewi kwa sababu bodaboda imeshafika na inapiga honi. Mama anaona aibu kutaja fedha kwa mtu aliyekula chakula chake. Mgeni, hasa Mtanzania, anaona atamtusi mwenyeji akianza kuhesabu noti mbele ya watoto. Kwa hiyo fedha zinakabidhiwa kwa aliyemleta, au zinaingizwa kwenye simu ya baba kwa sababu namba yake ndiyo iliyokuwepo. Aliyechota maji, aliyekoka moto saa kumi na moja alfajiri, aliyehama kitanda, hakuonja. Neno "tutaongea" limekula fedha nyingi visiwani kuliko dalali yeyote.

Dawa yake haihitaji semina. Bei inatajwa na mtu wa tatu, si mama wala mgeni, na inatajwa kwa simu kabla mgeni hajapanda chombo: usiku mmoja, milo miwili, maji ya kuoga mara mbili, kiasi hiki kwa kichwa. Mgeni akifika anasema sentensi moja tu: "Mama, nimeelezwa kiasi, hiki hapa." Anakabidhi pale pale, kabla ya chai, mkononi mwa mama. Aibu inaisha kwa sababu hakuna anayeuliza wala anayejibu. Na mama akiwa na fedha mkononi jioni ile ile anaweza kutuma mtoto akanunue samaki kwa mchuuzi, jambo ambalo fedha za asubuhi haziwezi kulifanya. Yule tetea anaendelea kutaga.

Kiasi gani? Kuna sakafu rahisi ambayo kila mtu kisiwani anaweza kuipiga hesabu bila mtaalamu: chukua bei ya chumba cha gesti ya kawaida Nansio wiki hiyo, ongeza bei ya milo miwili ya samaki kwenye mgahawa wa karibu na bandari. Chini ya hapo ni hasara, hata kama nyumba ni ya tope. Wengi wanadhani nyumba ya kijijini lazima iwe rahisi kuliko gesti kwa kuwa haina televisheni wala feni. Hesabu inasema kinyume. Gesti ina mtu mmoja anayefua mashuka ya vyumba 10, maji yanakuja kwa bomba, na mpishi hayumo. Nyumbani, mtu mmoja anafanya yote kwa ajili ya wageni wawili, na kila lita anaibeba.

Tuipime hiyo lita. Mtu mmoja anayeoga kwa kopo anamaliza ndoo ya lita 20, na mgeni huoga jioni na asubuhi. Wageni wawili ni ndoo nne, lita 80. Weka lita 6 za kunywa, lita 20 za kupikia na kuoshea vyombo, lita 10 za kunawa na za chooni. Unakaribia lita 120, yaani madumu sita ya lita 20, kila moja kilo 20 kichwani. Palipo na bomba la kijiji hilo ni suala la sarafu na foleni. Pasipo na bomba ni safari sita za kwenda ziwani, na kwa kawaida anayetumwa ni binti, jioni baada ya shule, akiingia hadi magotini ili achote maji yasiyo na mchanga.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo waandaaji wengi wa safari hulitaja kwa mstari mmoja tu: "usiogelee, kuna kichocho." Ushauri huo unamlinda mgeni na kumwacha binti ziwani. Visiwa vya Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yaliyoelemewa sana na kichocho cha tumbo. Konokono wadogo wa maji yaliyotulia, wanaokaa kwenye majani ya ufukweni, hutoa vimelea ambavyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na huweza kuishi majini hadi saa 48 vikitafuta ngozi. Kwa hiyo maji ya kuogea ya mgeni yanaweza kuwa safi kabisa ndani ya ndoo, huku gharama yake ikiwa imelipwa na miguu ya mtoto.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Nunua mapipa mawili yenye mifuniko, ya lita 100 au zaidi. Pipa la kwanza linajazwa leo asubuhi mapema, linafunikwa, haliguswi kwa siku mbili kamili. La pili ndilo linalotumika. Zikipita siku mbili bila konokono ndani, vimelea vinakuwa vimekufa, na maji hayo yanafaa kuogea bila kuni hata moja. Mgeni akija bila taarifa na pipa halijatimiza muda, maji ya kuoga yachemshwe kisha yaachwe yapoe. Ukiyapasha uvuguvugu tu, umempa mtu joto, hukuua kitu. Maji ya kunywa ni habari nyingine: kukaa siku mbili hakuondoi vijidudu vya kuhara, hayo yachemshwe yatokote au yatiwe dawa. Na kuchota kufanywe alfajiri, mahali pasipo na majani. Gati la mawe au ubao mrefu unaomwezesha mtu kuchota bila kukanyaga maji unajengwa kwa siku moja, na kwa maoni yangu ndio uwekezaji wa kwanza ambao kikundi chochote cha kulaza wageni kingepaswa kuufanya, kabla ya kununua hata shuka moja jeupe.

Mgeni aliyetumbukia kwa bahati mbaya, au aliyeteremka kwenye mtumbwi ufukweni na kulowa, asidhani kujifuta kwa taulo kumemaliza kazi. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula. Lakini asikimbilie kuvimeza siku ile ile. Dawa hiyo haiui minyoo michanga, na anayeimeza mapema anajipa uhakika wa uongo. Asubiri wiki sita hadi nane, apime, ndipo atumie kwa maelekezo ya kituo cha afya. Akipata homa, kikohozi na vipele kabla ya hapo, amwambie daktari kwamba aligusa maji ya ziwa, maana daktari wa mahali pasipo na ziwa hatauliza.

Turudi mezani, kwa sababu chakula ndicho ambacho nyumba inaishinda gesti, na ndicho kinachoharibika kirahisi kwa nia njema. Wenyeji wengi wakisikia mgeni anakuja wananunua mchele, tambi, na soseji ikipatikana. Mgeni amesafiri saa tatu majini kuja kula alichokiacha mjini, na kwa bei kubwa zaidi kwa kuwa kila kitu kimelipiwa usafiri. Mlo wa Ukerewe ni ugali wa udaga na samaki. Muhogo unamenywa, unalowekwa au kurundikwa na kufunikwa siku tatu hadi tano uvunde, unapondwa, unaanikwa mpaka ukauke kabisa, ndipo unasagwa. Anayefupisha siku, hasa kwa muhogo mchungu, anabakiza sumu, na dalili yake ni uchungu unaokaa ulimini. Ugali wake ni mzito na unavutika, una harufu ambayo mtu wa pwani au wa Nairobi anaweza kukunja pua. Wapo wanaochanganya unga wa mtama au mahindi ili uwe mwepesi. Kwa mgeni wa usiku wa kwanza mchanganyiko huo ni busara. Pembeni sato wa kuchemsha, mzima na kichwa chake, kwa nyanya, kitunguu na ndimu, mafuta kidogo. Hakuna kingine kinachohitajika isipokuwa maji ya kunawa kabla na baada.

Na dagaa. Hapa inabidi mwandaaji aache kalenda ya ukutani aangalie mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa zinaelea juu ya maji, zamani karabai na siku hizi zaidi ni taa za betri, zinakusanya vidudu na dagaa wanafuata, kisha nyavu inawazunguka au kuwachota. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina nguvu, dagaa wanatawanyika, na kwa siku kadhaa kila mwezi mitumbwi inakaa ufukweni. Anayetaka kuona ziwa limewaka taa hadi upeo wa macho kama mji mwingine, na kula dagaa wabichi waliokaangwa alfajiri, aje karibu na mwezi mwandamo. Anayetaka kuwakuta akina baba nyumbani, nyavu zikishonwa, stori zikipigwa, aje mbalamwezi. Zote ni safari nzuri, ila ni safari mbili tofauti, na mgeni aliyeahidiwa taa akafika mwezi ukiwa duara ataona ametapeliwa wakati hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyeangalia tu.

Kitanda hakihitaji maneno mengi. Godoro la futi 4 kwa 6 lenye inchi 6 linatosha, mashuka mawili, na chandarua kilichofungwa pembe nne na kinachofika chini ya godoro pande zote. Chandarua cha duara kilichoning'inizwa kwenye msumari mmoja juu ya kitanda cha watu wawili kinamgusa mtu begani, na mbu anauma kupitia kitambaa. La kuuliza ni kitanda hicho kilikuwa cha nani. Katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, mgeni akipewa chumba, watoto wanne wanakwenda kwa bibi au wanalala sebuleni. Usiku mmoja ni sherehe kwao. Wageni wa kila wiki wanawafanya watoto wawe wapangaji wa kuhamahama katika nyumba yao, na wakati wa mitihani hilo linaonekana kwenye matokeo. Nyumba isiyo na chumba cha ziada, hata kiwe kijumba cha uani chenye mlango wake, isiwekwe kwenye zamu ya kulaza wageni. Inauma kusema hivyo kwa sababu mara nyingi nyumba hizo ndizo zenye uhitaji mkubwa; wao waingizwe kwa njia nyingine: kuuza samaki, unga, machungwa na maji kwa nyumba zinazolaza.

Choo ndicho kinachowafanya wageni wasirudi, na ndicho cha bei nafuu kukirekebisha. Sakafu laini ya saruji inayoteremkia tundu, mfuniko wenye mpini, kopo la majivu, mlango unaofungika kwa ndani, na kibuyu chirizi chenye sabuni nje. Taa ndogo ya jua juu ya njia. Hakuna anayedai vigae. Watu wanadai kutopapasa ukuta gizani wakiwa na ndala.

Kuna mambo mawili ya kisheria na kiusalama ambayo ukarimu huwa unayaruka. La kwanza, mgeni apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji siku ile ile, na kitambulisho chake, aandikwe. Wenyeji wengine huona ni kumsumbua mgeni. Kumbe ni kujilinda. Likitokea la kutokea usiku, wizi au ugonjwa, nyumba yenye mgeni asiyejulikana na serikali ya kijiji ndiyo ya kwanza kuhojiwa. La pili ni maji. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka kikikaribia Ukara kutoka Bugolora kikiwa kimejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 walikufa, wakiwa wanaona nchi kavu kwa macho. Aliyekwenda Ukerewe akasahau hilo hajui alipo. Mwenyeji asimpeleke mgeni kwenye mtumbwi wa dagaa usiku bila jaketi okozi la saizi yake, bila kumwambia nahodha na bila mtu wa nchi kavu mwenye namba za simu za wote. Mvua za radi katika ziwa hili hupenda kuja usiku na alfajiri. Juni hadi Agosti kusi inavuma sana. Mvuvi akisema leo haiendeki, haiendeki, hata kama mgeni amelipa na kesho anaondoka. Kumwonyesha taa kutoka kwenye jabali la ufukweni kunatosha kabisa, na pengine ndiko kuzuri zaidi, kwa sababu mtumbwini yuko katikati ya watu wanne wanaofanya kazi na hana pa kukaa.

Sasa fedha za kikundi. Kisiwa kinachotajwa sana duniani kwa kulaza wageni majumbani ni Amantaní, katika Ziwa Titicaca upande wa Peru, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka mji wa Puno ni takriban saa tatu au zaidi kwa boti, karibu sawa na Mwanza na Nansio. Wageni hushuka gatini wakagawiwa kwa familia kwa zamu, wakala supu ya kinwa (nafaka ya huko) na viazi na jibini ya kukaanga, wakalala, wakaondoka asubuhi. Mfumo wa zamu umewazuia wachache wenye nyumba za karibu na gati kula peke yao. Lakini tazama jirani yao, Taquile. Watu wake walianza wakiwa na boti zao wenyewe na wakipanga bei wenyewe. Baadaye mawakala wa Puno walichukua sehemu kubwa ya usafirishaji, na wengi wa wageni wakawa wanashuka saa chache tu, wanakula, wanapiga picha, wanarudi mjini kulala. Aliyemiliki boti ndiye aliyeamua mgeni analala wapi.

Ukerewe haina haja ya kumiliki meli. Zipo, na nauli yake inajulikana. Boti ya Ukerewe ni simu. Anayeshika namba ya mgeni ndiye Puno wake. Kwa sasa mara nyingi ni kijana mmoja wa Nansio mwenye Kiingereza na pikipiki, naye anastahili malipo yake. Anachofanya ni kazi. Ila kazi ya kumleta mgeni ina bei yake na kazi ya kumlaza ina bei yake, na zisichanganywe kwenye noti moja. Mgeni alipe mara mbili, kwa watu wawili, na aambiwe hivyo tangu mwanzo. Zamu ya nyumba iandikwe kwenye daftari linalokaa kwa mtu asiyelaza wageni, mwalimu au katibu wa kikundi, na nyumba iliyoruka zamu kwa msiba au ugonjwa iwe ya kwanza inayofuata. Fungu la kijiji, kama ilivyozoeleka katika miradi ya utalii wa kitamaduni iliyoanzishwa nchini katikati ya miaka ya 1990, litengwe kabla fedha hazijafika nyumbani. Asilimia ndogo inayoonekana, kwa mfano inayokwenda kwenye lile gati la kuchotea maji, inanyamazisha manung'uniko mengi kuliko mkutano.

Atauliza mtu: mgeni mwenyewe yuko wapi? Wengi wanamwazia Mzungu mwenye begi mgongoni. Yupo, ila haji kila wiki. Anayekuja kila wiki ni mtafiti wa samaki, mkaguzi, timu ya mpira ya shule, mwanakwaya, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ndugu wa marehemu aliyekosa nafasi. Huyu hupelekwa gesti si kwa sababu anaipenda, ni kwa sababu ya uhuru: arudi saa anayotaka, asimsalimie mtu, asile asichotaka. Kumpata kunahitaji nyumba ijue kumwacha. Mlango wake mwenyewe, ufunguo wake, na swali moja tu la jioni: utakula nasi au umeshiba? Mwenyeji anayemketisha mgeni sebuleni hadi saa tano usiku kwa kuwa "si vizuri kumwacha peke yake" anamchosha, na mgeni wa Kitanzania hatasema. Kesho atahamia mjini akisingizia kazi.

Ukara ni mfano wa kisiwa chenye kitu cha kumfanya mtu alale, si apite. Ni kidogo, kimejaa watu, na kwa muda mrefu wakulima wake wameishi kwa kufungia ng'ombe ndani, kuwakatia majani, na kurudisha samadi shambani hadi udongo wa kichanga ukazaa mwaka baada ya mwaka. Mtu akipita kwa saa mbili anaona mawe, anapiga picha, anaondoka. Akilala usiku mmoja anasikia ng'ombe wakitafuna upande wa pili wa ukuta, na asubuhi anaona samadi ikitolewa na majani yakiingizwa. Kazi hiyo ianze saa yake ya kawaida. Ikicheleweshwa hadi saa tatu ili mgeni aamke aione, inakuwa maigizo, na ng'ombe wanapiga kelele kwa njaa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni wa kulipa methali hiyo ni kanuni nzuri ya bei. Usiku wa kwanza na wa pili ni bei kamili, kwa sababu nyumba inapika kipekee na kuchota kipekee. Kuanzia wa tatu anakula kinachopikwa kwa wote, anajaza pipa lake mwenyewe, bei inashuka. Na jembe la ufukweni ni dagaa. Waliotandazwa alfajiri juu ya chanja za nyavu hukauka kwa siku moja jua likiwaka. Juu ya mchanga huchukua mchanga, na mchuuzi anapunguza bei akisikia punje moja menoni. Wanageuzwa kwa mikono miwili, kuanzia upande wa upepo, bila kuwavunja. Wingu likitokea juu ya ziwa, kila aliye uani anatoka mbio na turubai, na wakati huo hakuna anayeuliza nani amelipa.